Saratani na Kazi: Kumsaidia Mgonjwa Abaki Kazini au Arejee Kazini

Utangulizi

Mtu anapoelezwa kwamba ana saratani, swali la kwanza linalomjia ni kama atapona. La pili hufuata upesi, ingawa wengi hawalitamki mbele ya daktari: je, kazi itakuwaje? Mwenye mshahara huwaza kama mwajiri atamvumilia. Mwenye genge huwaza nani atafungua biashara alfajiri. Mkulima huhesabu siku zilizosalia kabla ya mvua. Swali hili lisipoulizwa kliniki, hujibiwa nyumbani kwa hofu, na hofu ina majibu mawili tu: mgonjwa huacha kazi ambayo angeweza kuendelea nayo, au huacha matibabu ili asipoteze kazi.

Kwa makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 watu wapatao milioni 20 waligunduliwa kuwa na saratani duniani, na takriban watu milioni 53.5 walikuwa hai ndani ya miaka 5 tangu kugunduliwa. Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka 2020. Saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, zinazoongoza kwa wanawake wa Afrika Mashariki, huwapata wengi wakiwa bado katika umri wa kulea watoto na kutafuta riziki.

Hoja ya somo hili ni moja: swali la kazi ni sehemu ya mpango wa matibabu, na linastahili kuulizwa siku matibabu yanapopangwa, si siku yanapokwisha.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, mtoa huduma ataweza:

1. kumuuliza mgonjwa kuhusu kazi yake kwa namna inayoleta majibu yenye manufaa;
2. kulinganisha mwenendo wa matibabu na majukumu ya mgonjwa;
3. kuandika barua inayomsaidia mgonjwa kwa mwajiri bila kufichua siri zake;
4. kumwelekeza mgonjwa kwenye haki zake na kwenye misaada iliyopo.

Mgonjwa naye atajua mambo ya kuuliza na ya kupanga kabla hajachukua uamuzi mkubwa kuhusu kazi yake.

Kwa nini kazi ni suala la tiba

Kazi huleta nauli ya kwenda kliniki, chakula cha nyumbani na, kwa wengi walioajiriwa, bima ya afya. Mgonjwa anayepoteza kazi katikati ya tiba anaweza kupoteza vyote vitatu kwa mwezi mmoja. Zaidi ya hayo, kazi humpa mtu mahali pake katika jamii: mwalimu huitwa mwalimu, fundi huitwa fundi, na jina hilo likiondoka hubaki jina moja tu, mgonjwa.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliounganisha tafiti 36 kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko zenye jumla ya watu 20,366 waliopitia saratani, ulionyesha kwamba asilimia 33.8 yao hawakuwa na ajira, ikilinganishwa na asilimia 15.2 ya watu wasio na ugonjwa huo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalionyesha pia kwamba pengo hilo linaweza kupunguzwa. Programu zilizounganisha mazoezi ya mwili, elimu na ushauri wa kisaikolojia, pamoja na msaada unaohusu kazi yenyewe, ziliwarejesha kazini watu wengi zaidi kuliko huduma za kawaida peke yake.

Tafiti hizo zilitoka hasa katika nchi ambako wengi wana mwajiri na malipo ya ugonjwa. Afrika Mashariki watu wengi huishi kwa kilimo, biashara ndogo na vibarua. Kwa hiyo mtoa huduma asidhani kwamba kila "kazi" ina ofisi, bosi na likizo. Lililo la pamoja ni hili: mgonjwa hufaulu zaidi pale mwili, moyo na kazi yake vinapoangaliwa kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: kuichambua kazi

Jina la kazi halitoshi. Walimu wawili wanaweza kuwa na siku zisizofanana hata kidogo, mmoja akifundisha watoto 30 karibu na nyumbani, mwingine akitembea saa nzima kufika shule yenye darasa la watoto 90. Badala ya kuandika "mwalimu" kwenye faili na kuendelea, mtoa huduma aulize maswali manne:

1. *Siku yako ya kazi huendaje tangu unapoamka mpaka unaporudi?* Hapa huonekana safari, kusimama, kubeba, joto, moshi, vumbi na umbali wa choo.
2. *Jambo gani ni lazima lifanyike kila siku, na lipi linaweza kusubiri?*
3. *Nani anaweza kukupokea sehemu ya kazi kwa muda, na kwa makubaliano gani?*
4. *Usipofanya kazi wiki moja, nyumbani kunakuwaje? Na mwezi mmoja?* Jibu la swali hili huonyesha mapema nani yuko katika hatari ya kuacha matibabu.

Majukumu yakishatajwa, yagawanywe katika mafungu matatu: yanayoweza kuendelea kama kawaida, yanayoweza kuendelea yakibadilishwa, na yanayopaswa kusimama kwa muda. Mara nyingi mgonjwa aliyeingia akiamini kwamba kazi yote imemshinda hugundua kwamba kilichomshinda ni majukumu mawili au matatu. Dakika kumi za mazungumzo haya zinaweza kufanywa na muuguzi, mfiziotherapia, mtoa tiba kwa vitendo au afisa ustawi wa jamii. Si lazima daktari.

Hatua ya pili: kulinganisha matibabu na siku za kazi

*Upasuaji.* Mgonjwa ambaye tezi za kwapani zimeondolewa pamoja na titi anaweza kupata uvimbe wa mkono kutokana na maji ya limfu. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wasibebe kitu chochote kwa mkono huo maisha yao yote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuinua vitu vizito kwa mpango, chini ya uangalizi na kwa kuongeza uzito kidogo kidogo, hakukuzidisha uvimbe. Ushauri unaofaa basi ni kuuzoesha mkono kwa hatua, bila kuurudisha ghafla kwenye ndoo na jembe na bila kuufungia kazi milele. Dalili za kuripoti ni mkono kuwa mzito, pete au bangili kubana, ngozi kuwa nyekundu na ya moto, au homa. Mkulima avae glavu, na mkwaruzo wowote uoshwe upesi.

Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo na kuwekewa mfuko wa kinyesi tumboni anaweza kurudi katika kazi nyingi, mradi kuna choo chenye maji na faragha. Anapaswa kujihadhari na kunyanyua mizigo mizito, kwa kuwa misuli ya tumbo kuzunguka tundu hilo inaweza kulegea na ngiri ikatokea.

*Tibakemia.* Dripu nyingi za dawa za saratani hutolewa kwa mizunguko ya siku 21, na mzunguko huo una mwendo unaoweza kutabirika kwa kiasi. Siku za mwanzo huwa na kichefuchefu na uchovu. Kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu hushuka na hatari ya maambukizi hupanda. Wiki ya tatu kwa kawaida ndiyo yenye nguvu zaidi. Mgonjwa aandike daftari la mzunguko wake wa kwanza, siku kwa siku. Kuanzia mzunguko wa pili atakuwa na kalenda yake ya kupangia kazi. Kliniki nayo inaweza kusaidia kwa jambo dogo: kumpangia dripu siku ya Ijumaa aliye na mapumziko ya Jumamosi na Jumapili.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa anayetumia tibakemia ni dharura. Asisubiri zamu iishe, asinunue dawa dukani. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Kila anayefanya naye kazi kwa karibu ajue jambo hilo moja, hata kama hajui jina la ugonjwa.

Baadhi ya dawa, kama paclitaxel, huleta ganzi ya vidole vya mikono na miguu. Kwa mtu wa ofisini hiyo ni kero. Kwa fundi cherehani, dereva wa bodaboda au anayepanda ngazi za ujenzi ni hatari. Ganzi ikitajwa mapema, daktari anaweza kuangalia upya dozi kabla haijawa ya kudumu.

*Mionzi.* Mionzi ya nje hutolewa kwa kawaida kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa. Kila kikao huchukua dakika chache, lakini mashine zipo katika vituo vichache, na kwa anayetoka mbali tatizo kubwa huwa ni kuishi nje ya nyumbani kwa kipindi chote. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje na ya ndani kwa pamoja inapaswa kukamilika ndani ya wiki 8 hivi; ikichelewa zaidi, uwezekano wa kuidhibiti saratani hupungua. Mwanamke anayekatiza mionzi "arudi kidogo kuangalia biashara" anaweza kulipia safari hiyo kwa afya yake. Ndiyo maana biashara inapaswa kupangwa kabla ya mionzi kuanza.

*Uchovu.* Uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala tu, wala si uvivu. Kwanza zitafutwe sababu zinazotibika: upungufu wa damu, maumivu, kukosa usingizi, sonona, lishe duni. Baada ya hapo, mazoezi mepesi ya kila siku, hata kutembea kwa miguu dakika 20, yana ushahidi mzuri wa kuupunguza. Kazini, majukumu mazito yawekwe katika saa ambazo mgonjwa ana nguvu, na mapumziko mafupi yachukuliwe kabla nguvu hazijaisha.

*Kusahau na kupoteza umakini.* Hali hii huwapata baadhi ya wagonjwa wakati wa tiba na baada yake. Hutia aibu, hasa kwa mhasibu, mwalimu au muuzaji anayekosea chenji. Daftari la mfukoni, kufanya jambo moja kwa wakati mmoja na kumwomba mwenzake akague hesabu husaidia sana.

*Maumivu na dawa za maumivu.* Mgonjwa hawezi kufanya kazi maumivu yasipotulizwa. Anayetumia morphine anaweza kufanya kazi nyingi, lakini asiendeshe chombo cha moto wala mashine anapoianza au dozi inapoongezwa, mpaka usingizi utulie. Ikiwa saratani imefika kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo, kubeba mizigo na kuendesha bodaboda kwenye barabara mbovu kusimamishwe mpaka daktari athibitishe usalama. Udhaifu wa ghafla wa miguu au kushindwa kuzuia haja ni dharura.

Mfano wa kwanza: mwalimu

Mfano huu na unaofuata imetungwa kwa ajili ya kufundishia.

Mwalimu wa shule ya msingi binafsi mjini Morogoro ameondolewa titi la kulia na tezi za kwapani. Amepangiwa mizunguko 8 ya tibakemia na kisha wiki 3 za mionzi jijini Dar es Salaam. Baada ya upasuaji alipumzika siku 28. Anataka kujiuzulu "ili asiwasumbue watu".

Kazi yake inapochambuliwa, picha hubadilika. Kuandaa masomo na kusahihisha madaftari kunaweza kuendelea. Kufundisha kunaweza kuendelea kukibadilishwa: vipindi vihamishiwe asubuhi, kiti kiwekwe mbele ya darasa, chati zitumike badala ya kuandika ubao mzima kwa mkono uliopasuliwa. Zamu ya kusimama getini, kubeba marundo ya madaftari na safari za wanafunzi visimame kwa muda.

Kisha huja hesabu ya likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mizunguko 8 ya siku 21 ni siku 168. Mwalimu akipewa cheti cha kupumzika mfululizo tangu upasuaji, siku zake 126 zitakwisha akiwa katika mzunguko wa 5 wa dawa, kabla hata hajaiona mashine ya mionzi.

Akipewa badala yake siku 5 katika kila mzunguko, kuanzia Ijumaa ya dripu hadi Jumanne, jumla ni siku 40. Zikiongezwa 28 za upasuaji na 21 za mionzi, atakuwa ametumia siku 89, na siku 37 zitabaki kama akiba ya homa au dripu iliyoahirishwa. Siku 26 tu kati ya hizo 89 ndizo zitakazokuwa za nusu mshahara. Bila shaka mwili unaweza kukataa mpango huu, na ukikataa, ubadilishwe. Lakini cheti kilichoandikwa bila hesabu kinaweza kumaliza ajira ya mtu kwa nia njema kabisa.

Barua ya mtoa huduma

Cheti cha mapumziko, ambacho wengi hukiita ED, mara nyingi huwa na maneno mawili: "kazi nyepesi". Mwajiri hajui nyepesi ni ipi. Mwenye huruma humrudisha mfanyakazi nyumbani; asiye na huruma humwambia kwamba kazi nyepesi haipo. Barua yenye manufaa hutaja mambo matano: muda, mapumziko yanayohitajika, anachoweza kufanya, asichopaswa kufanya, na tarehe ya kupimwa upya. Kwa mwalimu wa mfano, inaweza kusomeka hivi:

> Mfanyakazi aliyetajwa hapo juu yuko katika matibabu yatakayoendelea kwa miezi 6 hivi. Katika kila siku 21 atahitaji mapumziko ya siku 5 kuanzia Ijumaa. Kuanzia Jumatano inayofuata hadi mwisho wa wiki ya pili anaweza kufanya kazi nje ya darasa lenye msongamano, kama kusahihisha na kuandaa mitihani. Katika wiki ya tatu anaweza kufundisha, akiketi inapobidi. Asibebe mizigo mizito kwa mkono wa kulia mpaka mfiziotherapia atakapomruhusu hatua kwa hatua. Akipata homa aruhusiwe kwenda hospitali mara moja. Hali yake itatathminiwa tena baada ya miezi 2.

Barua hii haitaji saratani. Jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na mtoa huduma huliandika pale tu mgonjwa anaporidhia. Wengine huona nafuu kusema wazi. Wengine wana sababu za kunyamaza. Mtoa huduma amsaidie mgonjwa kupima faida na hasara, kisha auheshimu uamuzi wake. Wafanyakazi wenzake wakishajua, wahakikishiwe kwamba saratani haiambukizwi kwa kushirikiana vyombo, choo wala meza ya kazi.

Haki ambazo mgonjwa anapaswa kuzijua

Ili likizo ya ugonjwa ilipwe, cheti lazima kitoke kwa mtaalamu wa afya anayetambulika kisheria. Kila cheti kitolewe nakala, na mgonjwa atunze yake.

Sheria hiyo ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na ulemavu ni miongoni mwa misingi iliyotajwa. Inamtaka pia mwajiri anayesitisha ajira awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza kwamba pale afya inapokuwa tatizo, mwajiri aangalie ukubwa wa hali hiyo, kama ni ya muda au ya kudumu, na kama kazi inaweza kurekebishwa au kupatikana nyingine, na amsikilize mfanyakazi kabla ya kuamua. Anayeamini ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huisha upesi kwa mtu aliyelazwa. Ndugu au chama cha wafanyakazi wamkumbushe.

Kujiuzulu ni jambo jingine. Aliyeandika barua ya kujiuzulu kwa hiari yake amejivua sehemu kubwa ya ulinzi huo. Ushauri kwa mgonjwa ni mfupi: asisaini wala asiandike barua ya kuacha kazi katika wiki za kwanza za mshtuko, kabla hajazungumza na daktari, afisa ustawi wa jamii na chama chake.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Aliyekatwa mguu au aliyepoteza uwezo wa mkono kwa sababu ya saratani aulize kama anastahili kutambuliwa chini ya sheria hiyo. Ikiwa saratani imetokana na mazingira ya kazi, kwa mfano vumbi la asbesto, daktari aandike historia kamili ya kazi, kwani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi.

Watumishi wa umma waulizie taratibu zao kwa afisa utumishi. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka baada ya miezi 2 ya utumishi, hivyo huko mkataba wa kazi na makubaliano ya chama huwa na uzito zaidi.

Mfano wa pili: mama lishe

Mama lishe wa Tanga amepangiwa mionzi na tibakemia kwa saratani ya mlango wa kizazi. Hana mwajiri, hana likizo. Ana mtaji mdogo, wateja wa chai na wa mchana, mkopo wa kikundi na watoto watatu. Atakuwa Dar es Salaam kwa wiki 7 au 8.

Mpango wake huanza kabla hajapanda basi:

- *Biashara ipunguzwe, isifungwe.* Mdogo wake aendeshe chai na vitafunwa vya asubuhi tu, kwa mgawo uliokubaliwa mbele ya mtu wa tatu. Wateja huhama haraka wanapokuta meza tupu.
- *Mtaji utengwe na fedha ya matibabu.* Mara nyingi ugonjwa huumaliza mtaji kabla mgonjwa hajapona, naye hurudi mzima asiye na pa kuanzia.
- *Kikundi kielezwe mapema.* VICOBA vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya maradhi na misiba, na marejesho yanaweza kusogezwa mbele kwa anayeomba kabla ya kuchelewa.
- *Mikopo ya "kausha damu" iepukwe.* Riba yake humlazimisha mgonjwa kukatiza mionzi ili akatafute marejesho.
- *Afisa ustawi wa jamii aonwe siku ya kwanza* kuhusu malazi na uwezekano wa msamaha wa gharama.

Anaporejea, kazi yake nayo ichambuliwe. Kukata mboga kunafanyika kwa kuketi. Maji yaletwe na kijana wa mkokoteni, au yabebwe kwa ndoo ndogo. Jiko lihamishwe mahali penye hewa, kwa kuwa moshi na harufu ya mafuta huamsha kichefuchefu. Meza iwe karibu na choo, maana mionzi ya nyonga huweza kuleta kuhara na haja ndogo ya mara kwa mara. Damu kwenye choo au kwenye mkojo iripotiwe, hata ikitokea miaka baada ya tiba.

Akihitaji mtaji mpya, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wa kuanzia.

Kurejea hatua kwa hatua

Kurudi kazini kwa siku nzima baada ya miezi ya tiba humvunja moyo mgonjwa na mwajiri pia. Nusu siku kwa wiki mbili, kisha siku tatu kwa wiki, kisha ratiba kamili, ni mwendo unaowafaa wengi. Kila hatua ipimwe kwa swali moja: je, uchovu wa leo unaisha kufikia kesho asubuhi? Ukiisha, hatua inayofuata ichukuliwe. Usipoisha, hatua ya sasa irudiwe.

Wapo ambao hawatarejea, na kuwalazimisha ni ukatili. Ugonjwa ukishaenea na nguvu zikawa za saa chache kwa siku, mgonjwa ana haki ya kuzitumia saa hizo kwa analolipenda. Wajibu wa mtoa huduma hapo ni kumsaidia astaafu kwa heshima: nyaraka za pensheni ya ulemavu katika NSSF au PSSSF zijazwe angali na nguvu za kusaini, bima ya familia ifuatiliwe, na mwenye shamba au biashara akabidhi kwa maandishi. Wengine huomba kubaki na jukumu dogo, kama kutunza daftari la mauzo au kumfundisha kijana ufundi. Nalo ni kazi, na liheshimiwe hivyo.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa ni fundi ujenzi anayetumia paclitaxel na analalamikia ganzi ya miguu. Ni majukumu gani yasimame, yapi yaendelee, na nani aarifiwe?
2. Rudia hesabu ya likizo ya mwalimu ikiwa kila mzunguko utamhitaji siku 8 za mapumziko badala ya 5. Je, siku 126 zinatosha?
3. Mwajiri anapiga simu kliniki kuuliza "mfanyakazi wangu ana ugonjwa gani". Utamjibu nini?

Majibu kwa ufupi: (1) Kupanda ngazi na jukwaa kusimame, kazi za chini, kupima na kusimamia ziendelee, daktari wa saratani aarifiwe kabla ya dripu inayofuata. (2) Siku 64, 28 na 21 ni 113. Zinatosha, lakini akiba ni siku 13 tu, hivyo mapumziko yapangwe kwa uangalifu. (3) Hapewi jina la ugonjwa. Anaelekezwa kwenye barua, na mgonjwa anaarifiwa kwamba ameulizwa.

Hitimisho

Kliniki ya saratani haina uwezo wa kumpa kila mgonjwa ajira wala mtaji. Inaweza kumuuliza kazi yake ni ipi, kumwonyesha kalenda ya matibabu yake, kumwandikia barua inayoeleweka na kumwelekeza mlango wa kubisha. Mambo hayo manne hayahitaji mashine wala dawa mpya. Yanahitaji mstari mmoja zaidi kwenye faili siku ya kwanza, na mtu wa kuurudia mstari huo kila mgonjwa anapokuja.